Bega la Nne

Nyinyi watu wa Nabuyoga mmetembea siku nzima kuja kuniuliza habari za machela. Vizuri. Kaeni kwenye hiyo mikeka, kunyweni uji, na mnisikilize bila kunikatiza, maana nikikatizwa hukasirika, na nikikasirika nasahau nilikofika. Mmeuliza tulianzaje chama chetu cha kubeba wagonjwa. Na huyo kijana wenu mwenye kalamu ameuliza kwa nini jina la kwanza katika daftari letu si langu, wakati kila mtu kuanzia hapa mpaka Rubongi anasema chama ni cha Kopla Egesa. Ni swali la kiherehere, lakini nitalijibu.

Nilirudi kutoka Burma mwanzoni mwa mwaka wa arobaini na sita, na koti la jeshi na tepe mbili begani. Kazi yangu kule haikuwa bunduki, nilikuwa mbeba majeruhi. Nimewatoa watu kwenye matope yanayofika hapa kiunoni, risasi zikilia juu ya vichwa vyetu, na wengi wao waliishi. Nafika nyumbani, naambiwa dada yangu mdogo amekufa. Amefia wapi? Njiani, akipelekwa zahanati nyuma ya baisikeli. Homa ilikuwa imemlegeza hata hawezi kujishika, basi wakamfunga kwa kamba. Kwa kamba, jamani! Kama gunia la pamba! Siku ile nilivunja kiti cha baba yangu.

Kutoka hapa Bulumbi hadi zahanati ya serikali ilikuwa maili tisa, na katikati ni ule mto wa matete mliovuka leo asubuhi. Siku hizi una daraja. Wakati ule ulikuwa na magogo yaliyozama ndani ya maji, ukayatafuta kwa vidole vya miguu. Dresa wa zahanati alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na sindano, vidonge na dawa ya vidonda tu. Aliyemshinda alingoja Alhamisi, siku ya lori la hospitali kutoka Tororo. Lori lilifika asubuhi, na saa nane mchana liliondoka na wagonjwa kwenda kwa daktari anayejua kupasua. Ukilikosa, unangoja Alhamisi nyingine, kama utakuwepo.

Basi nikawaita watu. Nikawaambia, kila nyumba itoe mwanamume mmoja. Pembe ikilia, wanne wanakuja, wanambeba mgonjwa, na wengine wanafuata kuwapokea. Nilichonga machela mwenyewe, kama ile ya jeshini, miti miwili mirefu na kitanda cha mbao katikati, kila ncha na bega lake. Ilikuwa nzito, sitawadanganya, lakini ilikuwa imara na niliipenda. Siku ile ya kwanza mkunga wetu, mama Nasirumbi, alisimama akauliza, "Na wanawake?"

Nikamwambia, "Wanawake watabeba mtungi wa maji na mkeka wa mgonjwa."

Watu wakacheka. Nasirumbi hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, amepinda mgongo kidogo kwa umri, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mpaka mtu atafute pa kuangalia. Akasema, "Haya, Kopla," akakaa.

Mwanzoni mambo yalikwenda ovyo. Pembe ililia mara tano, na mara tatu tulirudi na machela tupu. Watu walificha wagonjwa wao. Mwanamke mmoja mwenye homa kali alipofumbua macho akaona aliyeshika mti karibu na uso wake ni baba wa mume wake, alijiviringisha akaanguka chini. Alitambaa kuingia nyumbani, na humo ndani alikufa. Nilitukana siku ile. Nikasema watu wa huku ni wajinga, wanaona aibu kuliko wanavyoogopa kaburi.

Nasirumbi akaniuliza, "Umewauliza?"

"Nimewauliza akina nani?"

"Wagonjwa. Wewe umeuliza miti, umeuliza kamba, umeuliza wanaume. Mgonjwa hujamwuliza."

Nilikasirika. Basi Nasirumbi na mwalimu wa kanisa, Odwori, wakazunguka nyumba kwa nyumba, Wasamia kwa Wateso, na daftari. Waliuliza kila mtu, siku ukiugua, ni nani asikushike? Loo, daftari likajaa! Mkwe huyu, shemeji yule, baba mkwe yule. Nyinyi mnajua mambo yetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Mimi nilikuwa nimemwoa Agwang, binti wa Kiteso, miaka mitatu kabla ya kwenda vitani, na mpaka wakati huo sikuwa nimeuona uso wa mama yake kwa ukamilifu. Niliujua mgongo wake, na ile shuka ya bluu aliyojifunika kichwani akinisikia nakohoa.

Tukaitisha mkutano tule kiapo, kwamba neno la mgonjwa ndilo sheria. Aliyekataliwa na mgonjwa hatashika mti. Mama mkwe wangu, Alaso, alikaa na wanawake, amenipa mgongo. Alimtuma Agwang aje aniambie mbele ya watu wote, "Mama anasema, siku akiwa na shida ataingia katika machela yako. Lakini bega lako lisiwe chini ya mti."

Nikainua mkono nikala kiapo. Nikasema, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Mimi Egesa sitamshika." Nililisema kwa sauti kubwa, maana nilijua anasikia.

Na tangu siku ile, amini msiamini, watu walianza kuja. Wagonjwa hawakufichwa tena. Pembe ililia, mgonjwa akaulizwa, wabebaji wakapangwa kwa daftari, tukaenda. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tumebeba watu kumi na wanne, na waliotufia ni wawili tu. Dresa akatuma salamu. Mimi nikaanza kutembea kifua mbele. Mke wangu akanitania, "Kopla amekuwa daktari sasa." Agwang alikuwa na mdomo wakati ule.

Haya. Mwaka wa arobaini na saba, mwezi wa nne, mvua kubwa. Alaso alikuwa na mimba. Msishangae, alimzaa Agwang akiwa msichana, alikuwa hajafika hata miaka arobaini. Lakini kuwa na mimba wakati binti yako ameolewa ni aibu juu ya aibu, kwa hiyo alijificha hata kuliko kawaida. Jumatano asubuhi uchungu ulimshika. Alhamisi alfajiri mtoto alikuwa hajatoka, na mkono mmoja mdogo ulikuwa umetangulia. Nasirumbi alitoka nje ya nyumba, akanawa damu, akaniambia bila kuzunguka, "Huyu ni wa kupasuliwa. Akilipata lori la leo atapona. Akilikosa, tumempoteza."

Nikapiga pembe. Nikapiga tena. Mjue siku ile wanaume wote walikuwa wamechukuliwa luwalo, ile kazi ya lazima ya barabara. Mkubwa fulani wa serikali alikuwa apite na gari lake, na mvua ilikuwa imekula barabara, basi chifu alikuwa amekusanya kila mwenye jembe. Opolot, mume wa Alaso, alikuwa huko, na ndugu zake wote. Mimi nilisamehewa kwa ajili ya jeshi. Odwori alisamehewa kwa ajili ya kanisa. Waliokuja kwa pembe ni ndugu wawili, Ojulong mwenye jicho moja na Ochen aliyekuwa anatoka kwenye malaria. Hesabu wenyewe. Odwori, Ojulong, Ochen. Watatu. Na mimi.

Tukasimama pale uani, mvua inanyesha. Ncha nne, mabega matatu. Agwang alitoka kwa mama yake, macho mekundu, akainama akashika ile ncha ya nyuma. Akasema, "Mimi nitakaa hapa."

Nikamwambia, "Acha! Unadhani hizi ni kuni? Utamwangusha mama yako mtoni."

"Nimebeba kuni tangu nimeanza kutembea."

"Agwang, usinitibue leo. Kuna kazi yako. Chukua mtungi, unga na mkeka, kimbia mbele mpaka zahanati, umwambie dereva wa lori asiondoke. Akitaka kuondoka, mzuie."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa natetemeka, na alijua nikitetemeka hasira iko karibu. Akajitwika mtungi, mzigo wa unga na mkeka juu yake, akaenda. Hakukimbia. Alikwenda ule mwendo wao wa kuteka maji, shingo imenyooka, na kabla hatujamaliza kufunga kamba alikuwa amepotea kwenye mvua.

Mimi nikamtazama Nasirumbi, naye akanitazama. Alijua ninachofikiri. Alaso alikuwa amezimia nusu, anafumba macho na kufumbua bila kuona. Nasirumbi akamfunika shuka yake ya bluu mpaka usoni, akaja karibu na sikio langu akasema, "Shika ncha ya nyuma. Usiseme neno. Ukitaka kukohoa, meza. Na Mungu atusamehe wote wawili."

Odwori aligeuza uso kama mtu asiyeona. Tukainua. Ilikuwa saa moja.

Nilimbeba mama mkwe wangu maili tano. Miguu yake ilikuwa karibu na uso wangu, na damu ilikuwa inapita kwenye mbao na kuteremka mkononi mwangu, na mimi nilitazama majani ya njiani. Nilisikia kila kitu. Alivyolia, alivyoita mama yake aliyekufa zamani. Mara moja aliuliza, "Ni akina nani wamenibeba?" Nasirumbi alimjibu, "Odwori, na wana wa jirani zako." Hakusema uongo. Alimeza jina moja tu.

Tulifika mtoni kabla ya saa tano. Nilifurahi, nilijua tunaliwahi lori. Maji yalikuwa yamejaa, yanafika kiunoni, meusi, matete yamelala. Tukaingia. Ojulong alikuwa mbele upande wa jicho lake bovu. Alikanyaga gogo, gogo likazunguka, bega lake likashuka, na machela ikaanza kuinama majini. Nami nikapiga kelele. Sikufikiri. Ni Burma iliyopiga kelele ndani yangu, "Shikilia! Bega juu! Juu, mjinga wewe! Moja, mbili, nyuma!"

Walishikilia. Hakuanguka. Tulirudi nyuma hatua nne tukamweka kwenye nyasi ukingoni, wote tunahema. Na chini ya shuka sauti ikasema, kwa nguvu ili wote tusikie, "Huyo ni mkwe wangu."

Odwori akamtazama Nasirumbi.

"Nasirumbi. Huyo ni mkwe wangu?"

Nasirumbi akasema, "Ndiyo, mama. Wanaume hawapo. Hapakuwa na mwingine."

Alaso alilia. Mnajua, kwa uchungu alikuwa amelia sana njiani, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, cha mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akavuta shuka kujifunika miguu, na shuka ilikuwa imelowa damu, haikufika. Akasema, "Ameniona. Amekula kiapo mbele ya watu, kisha ameniona hivi. Mwondoeni. Tafuteni mtu mwingine. Bado kuna muda, jua haliko hata katikati. Tafuteni mtu."

Nikaenda nikasimama nyuma ya matete, mgongo wangu kwao. Nilisema kwa sauti, "Odwori, mwambie tutapoteza lori."

Odwori akasema, "Amesikia, Egesa. Sheria tuliiandika sisi. Neno ni la mgonjwa."

"Nitakulaani wewe na daftari lako!"

"Nilaani," akasema. Alikuwa analia.

Wakajaribu bila mimi. Nasirumbi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliingia chini ya ncha yangu. Hatua ishirini ndani ya maji. Nilikuwa nimegeuza mgongo, lakini nilisikia, kishindo, maji, na sauti ya Ochen, "Mama Nasirumbi anazama!" Walimtoa Nasirumbi, wakarudisha machela ukingoni. Kitanda kilikuwa kimelowa chote. Nasirumbi alikaa chini akitema maji, na nilipofikiri amenyamaza kwa uchovu, aliniita kwa jina langu, si kwa cheo.

"Egesa. Agwang yuko wapi?"

"Nimemtuma mbele."

"Umemtuma mbele," akasema.

Ochen, pamoja na homa yake, alikimbia kutafuta mtu katika nyumba za upande huu wa mto. Aliporudi, jua lilikuwa limeanza kuinama. Baadaye alinisimulia alivyofanya, na nimemlazimisha anisimulie mara nyingi, ingawa hapendi. Alifika nyumba nne. Kila nyumba wanawake walitoka, wengine na majembe mkononi, wakamwuliza, "Kuna nini? Unataka nini?" Naye akajibu, "Nataka mwanamume." Wakamwambia wanaume wako barabarani. Akashukuru, akakimbia nyumba ya pili. Nyumba nne. Katika moja walikuwa wanawake watano.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje? Alifanya nilivyomfundisha.

Ilipokaribia saa nane nilishindwa. Nikageuka. Nikasema potelea mbali kiapo, laana iwe juu yangu, nitambeba hata kwa nguvu. Nilitoka kwenye matete, nikaenda. Alaso alisikia hatua zangu. Uso wake ulikuwa wazi, na ndiyo mara ya kwanza kuuona, na ulikuwa uso wa Agwang kabisa, ila umekuwa wa kijivu. Akavuta ile shuka iliyolowa akajifunika kichwa. Mkono haukuwa na nguvu, ilimchukua muda. Akasema, "Usije, mwanangu. Nakuomba."

Nikasimama. Mimi niliyewatoa watu chini ya risasi, nikasimama pale kwenye nyasi, hatua sita kutoka kwake, mikono yangu inaning'inia. Nilirudi nyuma ya matete.

Nilikuwa nimegeuza mgongo alipokata roho. Nilijua kwa kilio cha Nasirumbi. Ojulong aliyekuwa na saa ya mfukoni ya marehemu baba yake alisema ni saa tisa. Mtoto hakutoka.

Tulikaa. Mvua iliacha. Hakuna aliyefikiria kufanya lolote mpaka tuliposikia maji yanapigwapigwa mtoni, na Agwang akatokea kwenye matete ya upande wa pili, anavuka peke yake. Hakuwa na mtungi tena. Gauni lake lilikuwa na matope mbele, kuanzia kifuani mpaka magotini, matope ya barabara. Alipanda ukingo, akaitazama machela, akatutazama sisi mmoja mmoja. Alipiga magoti akamfunua mama yake uso, akaushika kwa mikono miwili.

Kisha akaniuliza, "Nini kiliwazuia?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata kelele yangu. Sikuwa na nguvu ya kuficha.

Agwang alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimefika zahanati kabla ya saa tano. Na mzigo kichwani. Nimevuka hapa peke yangu, mtungi haukumwagika." Alisema polepole, kama anayemweleza mtu mgeni njia. "Dereva alikuwa Mnubi, hajui Kiteso. Mimi Kiswahili chenu cha jeshi sikijui vizuri. Saa nane ilipofika alipiga honi, akawasha gari. Sikujua nimwambie nini, nikalala chini mbele ya gurudumu. Wakaniondoa, nikalala tena. Dresa akamsihi. Wamengoja, Egesa. Wamengoja mpaka dresa mwenyewe akaniinua akasema, binti, kuna wagonjwa wengine humu ndani."

Akamrudishia mama yake shuka usoni.

"Wewe ndiye unayejua Kiswahili," akasema. "Ungekwenda wewe kulizuia lori, ungesimama na koti lako la jeshi uongee na dereva kama watu. Mimi ningeshika mti. Niliushika. Ulinitoa mkono."

Jamani. Bomu liliwahi kulipuka karibu nami, nikarushwa, nikapoteza masikio siku tatu. Haikuwa kitu mbele ya hili. Kwa sababu ilikuwa rahisi namna hiyo. Mtoto mdogo angeiona. Tulihitaji mtu wa kusema na dereva, na tulihitaji bega la nne, na tulikuwa na watu wawili, mume na mke. Nikawapanga kinyume. Na kilichonifanya nipange hivyo si mila ya mtu yeyote. Mila ilinikataza mimi kushika mti, haikumkataza Agwang. Mimi nilijifunza machela jeshini, na jeshini wanawake hawakuwepo, basi. Ndivyo mama mkwe wangu alivyokufa.

Odwori alisali. Kisha akanigeukia, na nilijua anachotaka kusema, maana kwa desturi yetu na ya Wateso aliyekufa hana mkwe tena. Macho yamefungwa, aibu imekwisha. Mkwe anaruhusiwa kubeba, anaruhusiwa hata kuchimba kaburi, na inampasa. Odwori akasema, "Egesa, sasa unaweza kushika."

Sasa! Mchana wote nimekatazwa, na sasa ninaweza. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka Ojulong akanishika mkono.

Nilipokwisha kucheka, Agwang alikuwa amekwisha kufunga kanga kiunoni na kuingia chini ya ncha ya mbele. Ochen alikuwa amechoka kabisa, akamwachia. Odwori alimwambia, "Binti, ni mama yako, pumzika." Akanitazama mimi nyuma, akasema, "Inua." Nikainua.

Maili tano za kurudi. Kuna kijito kingine karibu na nyumbani, kidogo kuliko mto ule, asubuhi tulikivuka maji ya magotini, lakini jioni ile kilikuwa kimefurika, maji kiunoni na utelezi chini. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilisikia kwenye mti miguu yake inatafuta jiwe, inalijaribu, inasimama. Ojulong aliteleza mara mbili, mimi mara moja. Yeye hakuteleza.

Baada ya mazishi Nasirumbi alikuja na daftari la Odwori, akalifungua ukurasa mpya wa majina ya wabebaji, akaliweka mbele ya Agwang, pamoja na wino. Agwang hakujua kuandika, akaweka dole gumba kwenye mstari wa kwanza, na Odwori akaandika jina lake pembeni. Wiki ile wakaja wanawake wa zile nyumba nne pia, maana walisikia, na waliumia kuliko sisi. Wakasema, mbona hamkutuambia mnataka nini? Sasa nusu ya mabega yetu ni yao, na tumechonga machela nyepesi, na mgonjwa wa kike tunamwuliza kwanza anataka nani. Tumebeba watu wengi tangu hapo. Sitawatajia idadi, sipendi tena kuhesabu.

Basi, kijana mwenye kalamu, umejua jina la kwanza ni la nani. Yuko pale nje, anapura maharage. Aliendelea kuwa mke wangu, amenizalia watoto, ananipikia, lakini ule mdomo wa kunitania uliisha siku ile na haujarudi. Mkitaka kujua mti unashikwaje ndani ya matope, nendeni mkamwulize yeye. Mwulizeni vizuri, na mngoje ajibu. Mimi nilipaswa kumwuliza asubuhi ile uani, mvua ikinyesha, mkono wake ukiwa kwenye mti.